Sungura Wengi, Banda Moja: Nani Aishi na Nani?

Anayetaka kuchanganya sungura nyumbani kwake hukutana na ushauri unaogongana. Jirani humwambia awatie wote banda moja jioni, asubuhi watakuwa wameshazoeana. Mfugaji wa sungura wa nyama humwambia asithubutu: kila mmoja na tundu lake, la sivyo atazika. Aliyesoma vitabu vya Ulaya na Marekani humtaka kwanza awapeleke wote kwa daktari wa mifugo wakahasiwe, kisha awatenge kwa wavu wiki kadhaa, ndipo awakutanishe kidogo kidogo. Naye muuzaji sokoni, anayetaka kumaliza biashara kabla jua halijapanda, humfungia wawili kwenye boksi moja na kuapa kwamba wote ni majike, hawatagombana.

Mwezi wa kwanza na wa pili huwa wa raha. Wa tatu au wa nne, banda lililokuwa na amani linakutwa limetapakaa manyoya, mmoja amechanika sikio, au kumejaa vichanga ambavyo hakuna aliyevitarajia. Hapo mwenye nyumba hujiuliza amekosea wapi katika kuwachanganya. Mara nyingi hakukosea hapo. Ubishi mwingi umeelekezwa kwenye njia ya kuwakutanisha, na njia ina nafasi yake, lakini matokeo kwa sehemu kubwa huamuliwa na mambo manne yanayoitangulia: jinsia ya wanyama, umri wao, kama wamehasiwa au la, na ukubwa wa eneo watakaloishi.

Mnyama wa ukoo

Sungura wote wa kufugwa, awe New Zealand mweupe, California, Chinchilla, Dutch au Flemish Giant, ni wa spishi moja, Oryctolagus cuniculus, yenye asili ya Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Sungura wa nyika zetu, yule mjanja wa hadithi, ni wa jenasi nyingine, Lepus. Huyo hachimbi shimo, huishi zaidi peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho yakiwa wazi. Kwa hiyo anayesema sungura hupenda upweke kwa kuwa hajawahi kuona kundi lao porini anamtolea ushahidi mnyama mwingine.

Wa bandani ametokana na wanyama wa mashimoni, waishio kwa vikundi vidogo vya majike kadhaa na dume mmoja au wachache. Mengi tunayoyajua kuhusu vikundi hivyo yametoka kwa watu waliokaa miaka wakivitazama. Roman Mykytowycz alivichunguza Australia, nchi ambayo sungura 24 walioletwa na Thomas Austin katika shamba lake la Victoria mwaka 1859 waliizalia balaa la kitaifa. Ronald Lockley alivitazama Wales na kuandika The Private Life of the Rabbit mwaka 1964. Dietrich von Holst wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alifuatilia koloni moja ndani ya uzio mkubwa kwa miaka mingi. Picha wanayoichora inafanana: ukoo wenye ngazi za vyeo, madume na ngazi yao, majike na yao. Madume hugombea majike. Majike hugombea mashimo mazuri ya kuzalia. Mipaka huwekwa kwa harufu, kwa mkojo, kwa vinyesi na kwa tezi iliyo chini ya kidevu, ambayo mnyama huisugua kwenye kila kitu anachokihesabu kuwa chake. Vijana wa kiume wakipevuka huondoka au huondolewa, na mgeni anayekatiza mpaka hufukuzwa.

Porini, aliyeshindwa hukimbia, na ugomvi huishia hapo. Kukimbia ndiko kukubali kwake kushindwa. Ndani ya banda la mita moja na nusu hana pa kukimbilia, na mshindi, akimwona bado yupo, huendelea kumshambulia. Ndiyo maana wanyama wanaosifiwa kwa upole huweza kutoana matumbo ndani ya dakika chache. Ukali huo wamezaliwa nao. Ufinyu wa banda umewanyima namna ya kuumaliza.

Je, ni lazima awe na mwenzake?

Wapo wanaoona suala zima halina haja. Katika ufugaji wa nyama kila mnyama mzima huwekwa tundu lake, na sababu zao ni za kweli: rekodi za uzazi hubaki sahihi, anayeacha kula hugundulika siku hiyo hiyo, ukurutu hausambai haraka, na hakuna anayeng'atwa. Kwa shamba la biashara, hoja hiyo ni ngumu kuivunja.

Kwa sungura wa kufugwa kama rafiki wa nyumbani, mizani hubadilika. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliopima majike wa maabara walikuwa tayari kujitaabisha kiasi gani ili kukifikia kitu fulani. Chakula kilikuwa mbele, kama ilivyotarajiwa, lakini kufika kwa sungura mwenzao nako walikutolea jasho. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walilinganisha sungura wa kituo cha kutunza wanyama waliokaa peke yao na waliokaa wawili wawili. Kung'ata nyaya za tundu, tabia inayojulikana kuwa dalili ya dhiki, ilionekana kwa waliokuwa peke yao. Na miili ya waliokuwa na wenzao ilikuwa na joto zaidi katika baridi ya Uingereza. Faida hiyo ya pili haimhusu sana mfugaji wa Mombasa au Tanga. Ya kwanza inamhusu popote alipo.

Hata hivyo, haja ya kuwa na mwenzake haiwi haja ya kuwa na mwenzake yeyote. Sungura anayeishi na adui yuko katika hali mbaya kuliko anayeishi peke yake: hana pa kujificha, halali, na anasogelea sahani ya chakula akiwa na hofu. Wala simbilisi si mbadala, ingawa wengi huwaweka pamoja kwa kuwa wote hula majani. Teke la sungura linaweza kumuumiza simbilisi vibaya, na simbilisi anahitaji vitamini C kutoka kwenye chakula ilhali sungura hujitengenezea mwenyewe.

Nani na nani

Kosa la kwanza kabisa hufanyika siku ya kununua. Jinsia ya kitoto cha sungura chenye wiki nne au tano ni ngumu kuitambua hata kwa mzoefu. Kwa wiki nane kosa hupungua, na kati ya wiki 10 na 12 korodani za dume hushuka na jambo huwa wazi. Sokoni huuzwa wengi walio chini ya umri huo. Kwa hiyo “majike wawili” wa kwenye boksi mara nyingi ni dhana tu ya muuzaji.

Kosa la pili ni kuuamini utulivu wa utotoni. Vitoto vya chini ya miezi mitatu huchanganyika bila tabu, hata vya mama tofauti, na mwenye nyumba hudhani kazi imekwisha. Kati ya miezi mitatu na nusu na mitano kwa aina ndogo, na baadaye kidogo kwa aina kubwa, homoni hupanda. Hapo ndipo ndugu wa uzao mmoja waliolala wamekumbatiana huamka maadui. Hakuna kilichowaharibu, wamefika umri ambao porini mmoja wao angehama.

Madume wawili wazima, yaani wasiohasiwa, ndiyo jozi mbaya kuliko zote. Hung'atana sehemu za siri, na wafugaji wazoefu wanajua dume anaweza kumhasi mwenzake kwa meno. Ngozi ya sungura ni nyembamba, huchanika kirahisi. Na jeraha dogo lililofunikwa na manyoya hugeuka jipu lenye usaha mzito usiotoka wenyewe.

Dume mzima na jike mzima huelewana vizuri mno. Jike wa sungura hana siku maalumu za kungoja: yai hupevuka kwa sababu ya kupandwa kwenyewe, saa kama kumi baadaye. Mimba ni takribani siku 31, na anaweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Kwa hesabu ya juu juu, jozi inayokaa pamoja bila kutenganishwa inaweza kuzaa mara tano ndani ya siku 155. Kila uzao ukiwa wa watoto sita, hao ni 30, kabla hata mabinti wa uzao wa kwanza hawajaanza kuzaa wao. Jike hubeba mimba huku ananyonyesha mpaka anakwisha mwili. Asiyetaka kuuza wala kula sungura asijaribu jozi hii.

Majike wawili wazima wako katikati. Dada wa uzao mmoja waliokulia pamoja wana nafasi nzuri kuliko wageni, na hilo linaendana na maumbile, kwa kuwa koloni za porini hushikiliwa zaidi na majike wenye undugu. Lakini nao hupandana kugombea cheo, na kupandwa huko kunaweza kumletea mmoja mimba ya uongo. Kwa siku 16 hadi 18 atang'oa manyoya ya kifua, atajenga kiota, na kumfukuza kila anayekisogelea. Mwenye nyumba asiyelijua hilo huona ukichaa. Anachohitaji ni kumpa kila mmoja sanduku lake na kungoja siku hizo zipite.

Inabaki jozi ambayo wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani huiweka juu ya zote: dume aliyehasiwa na jike, hasa jike naye akiwa ametolewa kizazi. Ugomvi wa madume haupo, wa shimo la kuzalia umepungua, na watoto hawaji.

Kisu cha daktari: faida na bei yake

Kauli ya “hasi kwanza” imeenezwa sana na mashirika kama House Rabbit Society, lililoanzishwa California mwaka 1988, na kwa mazingira yake ni kauli imara. Kuhasi hupunguza kurusha mkojo, kupandana na ukali wa mipaka. Kwa jike kuna sababu kubwa zaidi: saratani ya mfuko wa uzazi huwapata majike wasiozaa kwa kiwango cha kutisha kadiri wanavyovuka miaka mitatu, minne na kuendelea. Shamba la nyama haliioni kwa sababu mnyama hafiki umri huo. Anayefugwa nyumbani anaweza kuishi miaka minane au zaidi.

Udhaifu wa kauli hiyo ni kwamba inamdhania kila mtu ana daktari anayemjua sungura. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2008 ulipima vifo vinavyotokea ndani ya saa 48 za nusukaputi au dawa za kutuliza. Kwa mbwa vilikuwa asilimia 0.17, kwa paka 0.24, kwa sungura 1.39. Na hiyo ni nchi yenye vifaa. Katika miji yetu madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na baadhi huagiza mnyama ashinde njaa kabla ya upasuaji kama wanavyoagiza kwa mbwa. Sungura hatapiki, kwa hiyo sababu ya kumfungisha haipo. Na utumbo wake ukisimama kwa kukosa chakula, huo ndio unaomuua. Swali moja linatosha kumpima daktari: “Nimlete akiwa hajala?” Akijibu ndiyo, tafuta mwingine.

Operesheni mbili hizi pia hazilingani. Ya dume ni fupi na ya nje. Ya jike hufungua tumbo. Mwenye fedha ya operesheni moja tu, au mwenye wasiwasi na uzoefu wa daktari, hupata faida kubwa zaidi kwa hatari ndogo zaidi kwa kumhasi dume na kumwacha jike. Anabaki na hatari ya saratani na vipindi vya mimba ya uongo, na hilo alijue. Na dume aliyehasiwa leo bado ana mbegu: asikutanishwe na jike mzima mpaka zipite wiki nne hadi sita. Wengi wamepata watoto kutoka kwa dume “asiyezaa” kwa kutosubiri hapo.

Njia tatu za kuwakutanisha

Ndipo tunafika kwenye ubishi wenyewe. Njia zilizopo ni nyingi kwa majina, lakini zote zina mizizi mitatu.

Ya kwanza ni ya papo kwa papo: waingie eneo jipya kwa wote, kubwa, wakae humo siku mbili au tatu mfululizo chini ya uangalizi. Nguvu yake ni kwamba cheo kinaamuliwa mara moja na hakiamuliwi upya kila siku. Wenye uzoefu, hasa katika vituo vya kutunza wanyama, huipenda kwa sababu hiyo. Udhaifu wake ni kwamba inamtaka mtu anayejua kusoma dalili na asiyesinzia. Ushauri wa jirani wa kuwatia usiku mmoja bandani unafanana na njia hii kwa nje tu. Banda tayari lina mwenyewe, na usiku hakuna mwamuzi.

Ya pili ni ya wavu: vizimba viwili kando kwa kando, kubadilishana matandiko na sanduku la haja kila siku moja au mbili, kisha vikao vifupi. Harufu ngeni inazoeleka kabla ya miili kukutana, na mwenye nyumba anaenda kazini bila hofu. Lakini wavu nao ni mpaka. Wapo sungura wanaoshinda wanakimbizana kando yake, kila mmoja akilinda upande wake, na wiki sita za zoezi hilo huwafundisha uadui badala ya ujirani. Nafasi ya sentimita kadhaa kati ya nyavu mbili inahitajika pia. Pua na vidole vya miguu hung'atwa kupitia matundu.

Ya tatu ni ya kuwatia msukosuko wa pamoja: kapu moja, safari ya gari, au kuwaweka juu ya kitu kinachotikisika. Hubanana, hawapigani, na anayetazama huona wamependana. Walichofanya ni kuganda kwa hofu. Wakitulia, ugomvi uliositishwa huendelea ulipoachiwa, na hofu yenyewe inaweza kusimamisha utumbo. Kwa pwani kuna hatari ya ziada: sungura huanza kuteseka joto likikaribia nyuzi 30, hatoi jasho kama binadamu, na kapu lililofungwa ndani ya gari saa nane mchana wa Dar es Salaam linaweza kuwaua wote wawili. Njia hii sioni pa kuitetea, isipokuwa safari fupi ya kwenda kwa daktari ambayo ingefanyika hata hivyo.

Kati ya mbili za mwanzo, kila moja ina mtu wake. Mwenye siku tatu za mapumziko na jicho zuri atumie ya kwanza. Mwenye saa moja jioni atumie ya wavu, lakini akiona kukimbizana kando ya wavu kunaongezeka badala ya kupungua, aache kuongeza wiki.

Eneo la kukutania nalo lina ubishi wake. Wengine hutaka dogo, wanyama wasipate mwendo wa kukimbizana. Wengine kubwa, anayeshindwa apate kuondoka. Eneo dogo huzuia mbio lakini humnyima mnyonge kutoka. Kubwa mno humruhusu kila mmoja kujimegea kona na kuanza kuilinda. Eneo la kati, kama mita mbili kwa mbili, tupu, lisilo na kona iliyojificha, ndilo linalokwepa hatari zote mbili. Boksi likiwekwa, liwe na milango miwili, mmoja asizibiwe ndani. Muda mzuri ni asubuhi mapema au jioni, na sakafu itandazwe nyasi na majani ya matembele huku na huko, si sahani moja ya kugombewa.

Kikao kizuri hakina mvuto wa kutazama. Wawili wanakula wakipeana mgongo. Mmoja anasogea, anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa sakafu, na kungoja alambwe paji la uso; hiyo ni amri ya mwenye cheo, ingawa huonekana kama unyenyekevu. Mwenzake akilamba, jambo kubwa limekwisha. Akiinamisha kichwa naye, wanaweza kukaa hivyo dakika nzima, vipua vikichezacheza, hakuna anayekubali kuanza. Kupandana, kufukuzana hatua chache, hata kung'oana kishungi cha manyoya, ni sehemu ya mazungumzo na havihitaji kuingiliwa, ila anayepanda upande wa kichwa aondolewe, kwa sababu sehemu zake za siri ziko mbele ya meno ya mwenzake. Hatari huanza masikio yanapolazwa nyuma, mkia ukasimama, na wawili wakaanza kuzungukana kwa kasi. Kutoka hapo mpaka kubingirika pamoja ni sekunde tu. Watenganishwe kwa taulo nene au ufagio, kamwe si kwa mikono mitupu, kisha kila mmoja apapaswe mwili mzima chini ya manyoya.

Wakishakaa saa 48 wakila, wakilambana na kulala wamegusana bila kufukuzana, wamezoeana. Banda watakalohamia lioshwe kwanza kwa maji na siki, na vyombo vipangwe upya, ili lisibaki na harufu ya aliyelitawala. Na kuanzia hapo wasitenganishwe ovyo: mmoja akipelekwa kwa daktari, mwenzake aende naye, maana anayerudi peke yake na harufu ya dawa hupokewa kama mgeni.

Wawili, au kundi?

Wanaopenda kundi huvutiwa na picha ya wanyama watano wakicheza uani. Hesabu yake ni kali kuliko inavyoonekana. Sungura wawili wana uhusiano mmoja wa kuutuliza. Watatu wana mahusiano matatu, wanne wana sita, watano wana kumi. Mgeni anapoingia kwenye kundi la watatu, haongezi mapatano matatu tu. Hata yale ya zamani hufunguliwa upya, na jozi iliyoishi kwa amani miaka miwili inaweza kuvunjika kwa sababu ya wa tatu. Atakayekubaliwa na mmoja na kukataliwa na mwingine hubaki pembezoni, na ukonde wake hauonekani upesi chini ya manyoya mazito.

Mashamba ya Ulaya yaliyojaribu kuweka majike wazazi pamoja yamelipitia hili kwa hasara. Majeraha na vifo vya watoto viliwafanya wengine kuchagua njia ya nusu kwa nusu: jike hutengwa anapokaribia kuzaa na katika wiki za mwanzo za kunyonyesha, kisha hurudishwa kwa wenzake. Na kila wanaporudishwa, vita vya vyeo huanza tena. Kama wenye wataalamu wa kudumu hawajalimaliza tatizo hilo, mwenye ua wa nyumbani asitegemee bahati.

Kundi lina faida moja ya kweli: mmoja akifa, aliyebaki haachwi mpweke, na hakuna haja ya kuanza mzunguko wa kumtafutia mwenza. Linawezekana pale wote walipohasiwa, wamechanganywa kwa mkupuo katika eneo jipya kwa wote badala ya kuongezwa mmoja mmoja, na nafasi ni kubwa. Rabbit Welfare Association & Fund ya Uingereza hupendekeza angalau mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1, kwa jozi tu. Kundi la wanne linadai zaidi ya hapo, pamoja na sahani, chupa za maji na maficho yanayozidi idadi yao.

Kabla ya yote hayo, mgeni akae mbali na wenyeji wiki mbili au zaidi. Ukurutu wa masikio na wa ngozi, mafua yenye usaha puani, na koksidia husafiri na mnyama anayeonekana mzima. Anayehudumia aanze na wenyeji, amalizie na mgeni, na anawe mikono.

Kinachofaa kwa nyumba zetu

Ushauri wa Ulaya wa kuhasi wote kisha kuzoesha ni mzuri, ila ulitungwa kwa watu wenye daktari wa sungura mtaani. Ushauri wa shambani wa kutenga wote ni salama, ila ulitungwa kwa mnyama anayeishi miezi michache. Ua wa Nairobi, Arusha au Unguja uko katikati, na pale pana mpangilio wa kufuata.

Wa kwanza kwa ubora ni dume mmoja aliyehasiwa na jike mmoja, wakikutanishwa baada ya wiki sita za kungoja. Asiyepata daktari anayeaminika achukue majike wawili wa uzao mmoja, awakague jinsia tena wakifikisha wiki 12, na awe na wavu wa kutenganishia tayari kabla hawajafika miezi minne. Aliyejikuta na madume wawili wazima awatenge leo, waishi majirani kwa nyavu mbili zenye nafasi katikati. Wataonana na kunusana bila kugusana, na kwao hayo ni maisha ya kuridhisha kuliko banda moja. Kundi la watatu na zaidi waachiwe wenye uwezo wa kuhasi wote na kuwapa ua mzima. Na mwenye nafasi ya tundu moja la mita moja na nusu asinunue jozi, hata akipewa wa pili bure.